Hivi Tintin na Asterix wana nini mpaka leo hawachuji?

Mbeba_Boksi_BXL:

Habari za muda huu wakuu. Kuna jambo linanitatiza siku nyingi, wajuzi wa katuni mlioko humu naomba mnifungue macho.

Mimi niko Brussels, shughuli yangu jina limeshasema. Huu mji asikudanganye mtu, ni mji wa katuni. Kuna kuta kibao zimechorwa wahusika wa vitabu vya katuni na watalii wanazunguka na ramani mkononi kuzitafuta, hatua chache tu kutoka kwenye kile kisanamu cha mtoto anayekojoa kuna ukuta Tintin, yule kijana mwandishi wa habari, anashuka ngazi za dharura na Kapteni Haddock na kile kimbwa chao cheupe. Ukiteremka Gare du Midi unakutana na lipicha la Tintin amekaa mbele ya kichwa cha treni. Shirika lao la ndege lilichora ndege moja ile nyambizi ya papa ya Tintin na nyingine Smurfs, vile vijitu vya bluu. Mwaka 2022 wakatoa paspoti mpya, na humo ndani ya kurasa za kugongea viza wamo Tintin, Lucky Luke yule cowboy na Smurfs, yaani hati ya serikali kabisa!

Sasa kilichonifanya niandike ni Asterix mpya iliyotoka Oktoba 2025, ile ya 41 anapokwenda Ureno. Duka la vitabu jirani na kazini kwetu lilikuwa na rundo mlangoni, nikasimama kuangalia nani anabeba. Watoto wachache mno. Wengi ni watu wa rika la baba yangu, mtu na suti yake na mvi zake anachukua nakala mbili tatu analipa anaondoka anatabasamu.

Tintin alianza 1929 jamani. Lucky Luke 1946, Smurfs 1958, Asterix 1959. Hao ni mababu. Kwetu sisi tulikuwa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye jarida la Sani, tukawa na Kingo, Wakenya wana Juha Kalulu wao wa Taifa Leo, lakini leo mtoto wa darasa la sita umuulize Lodi Lofa ni nani atakuambia ni msanii wa singeli. Wenzetu wanafanyaje? Ni uchoraji, ni hela, au serikali inasukuma? Nawasilisha.

---

PenseliHB:

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nachora kwa kula, kwa hiyo nitaongelea kazi yenyewe kabla hawajaja watu wa biashara kutuharibia uzi.

Angalia uso wa Tintin. Ni duara, vidoto viwili vya macho, pua kidogo na kile kishungi cha nywele, basi. Hata umri wake huujui. Halafu angalia gari anayoendesha au meli aliyopanda au hata swichi ya taa ukutani, zimechorwa kwa usahihi mpaka fundi anaweza kukuambia ni modeli gani. Hergé, mchoraji wake, alitumia mstari mmoja safi, hana vivuli vya kuchafua, rangi zimetandazwa bapa. Uso rahisi maana yake mtu yeyote anajivika, na mazingira ya kweli yanakufanya uamini. Ndio maana hazizeeki, kinachozeeka ni gari tu sio Tintin.

Chukua ile safari ya mwezini, album mbili za 1953 na 1954, hapo Apollo 11 bado miaka 15. Roketi ina madoa ya mraba mekundu na meupe. Humo ndani Kapteni Haddock kaficha wiski, sasa injini zikizimwa uzito unapotea, wiski inatoka kwenye glasi inajikunja inakuwa tonge linaelea hewani, na yeye naye anaelea anaifukuzia kwa mdomo. Mtoto anacheka mlevi, na bila kujua kashafundishwa fizikia. Ile picha nimeiiga mara nyingi sana nikiwa najifunza na bado tonge langu halielei, linaonekana kama jiwe.

Halafu kuna moja ya 1963, ya yule mama mwimbaji Castafiore na zumaridi yake. Hakuna safari, hakuna jambazi wa maana, watu wako nyumbani tu. Mwanzoni kabisa ngazi moja ya marumaru imevunjika, Kapteni anampigia fundi. Fundi anasema nakuja. Haji. Anapigiwa tena, anaapa kesho asubuhi. Haji. Kitabu kizima watu wanateleza kwenye ile ngazi mmoja baada ya mwingine na Kapteni mwenyewe anateguka mguu anaishia kwenye kiti cha magurudumu, na fundi kwenye simu bado yuko njiani. Sasa niambie Mtanzania gani hamjui huyo fundi? Hiyo ndio siri yenyewe, hadithi ya Ubelgiji ya miaka sitini iliyopita na unamjua kila mtu aliyemo.

---

Nyambura_Torino:

Hapo kwa fundi nimecheka hadi jirani akagonga ukuta 😂

Naongeza kwa Asterix. Watu wanadhani ni vita na nguruwe wa kuchoma tu. Goscinny aliyekuwa anaandika alikuwa anaandikia watoto na wazazi kwa ukurasa mmoja. Kuna ile ya 1976, Kaisari ameshindwa kukipiga kijiji cha kina Asterix kwa jeshi, so anajitokeza kijana mmoja msomi wa uchumi (Wafaransa walimtambua mara moja, sura ni ya Jacques Chirac akiwa kijana) anamwambia mzee wacha vita, tuwatajirishe. Anaenda kwa Obelix, rafiki wa Asterix, ananunua yale mawe yake makubwa, kila siku bei inapanda, Obelix anaajiri watu wa kumchongea na wengine wa kuwawindia nguruwe, wenzake kuona hivyo nao wanaanza kuchonga, hakuna mtu kijijini anafanya kazi ingine. Mawe yanajaa Roma hadi hayana pa kuwekwa, soko linaanguka puu.

Si hiyo ndio ilikuwa biashara ya kware Kenya 2013 hivi? Watu waliuza ng'ombe wakanunua kware, yai likawa bei ya dhahabu, kila mtu akawa na kware, na hakuna mtu wa kununua. Mtoto wangu anacheka vile Obelix amevaa suti ya maua, mimi nacheka nikikumbuka shemeji yangu na vibanda vyake.

---

KaziYaPrinta:

PenseliHB na dada Nyambura mmeongea vizuri ila uchoraji mzuri peke yake haukai miaka 90. Wachoraji wazuri wamekuwepo kila mahali, hata kwetu, na wamesahaulika. Mimi nimekulia kwenye viwanda vya kuchapa ngoja niwaambie kinachokaa: kinachokaa ni kile ambacho hakijawahi kutoka dukani.

Hizo hadithi zote zilianza kama za kwetu tu, vipande vipande kwenye gazeti. Tintin alikuwa kwenye nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki pale Brussels, kila Alhamisi kurasa mbili. Asterix alianzia jarida la Pilote. Tofauti ni kilichofuata. Hadithi ikiisha inakusanywa inakuwa kitabu, jalada gumu. Mwaka 1942 katikati ya vita karatasi hakuna, wachapishaji wake Casterman wakamwambia Hergé tubane kila hadithi iwe kurasa 62 lakini zote za rangi. Akakubali, akaanza kuzichora upya hata zile za zamani. Yale ya shida ya karatasi yakawa ndio kipimo, mpaka kesho Tintin ni kurasa 62. Asterix ni kurasa 48.

Kitabu chenye jalada gumu mtu hakitupi. Kinaandikwa jina la mtoto ukurasa wa kwanza, mtoto anakua, anakirudisha kwenye kabati la mama yake, mjukuu anakikuta. Leo hii ukitaka hadithi yoyote ya Tintin unaingia supamaketi unatoka nayo mpya. Haya niambie Sani ya 1986 utaipata wapi? Ilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ikapigwa stepla mbili, ikasomwa na mtaa mzima mpaka ikachanika, mwisho ikafungia vitumbua. Sio kwamba watu hawakumpenda Lodi Lofa, walimpenda mpaka akaisha!

Na msidhani wenzetu walianza na mamilioni. Asterix ya kwanza ya 1961 ilichapwa nakala 6,000. Ile ya 40 iliyotoka 2023 ilichapwa nakala milioni 5 kwa mpigo. Katikati hapo ni miaka sitini ya kurudia kuchapa bila kuchoka.

---

Mbeba_Boksi_BXL:

KaziYaPrinta hapo umenipata. Lakini swali la nyongeza, wenye kazi si walishafariki? Hergé alikufa 1983, Goscinny 1977, Uderzo mchoraji wa Asterix 2020. Nani anaendeleza? Maana kwetu mchoraji akifa na mhusika wake anazikwa naye.

---

KaziYaPrinta:

Hapo ndipo panaponishangaza hata mimi, maana wamepita njia mbili zinazopingana kabisa na zote zimefika.

Hergé alikataa, akasema baada yangu hakuna Tintin mpya. Na hakuna. Ziko 24 ukihesabu na ile ambayo hakuimaliza, imetolewa hivyo hivyo na michoro yake ya penseli. Mjane wake akasimamia hilo mpaka leo, haki Ulaya zinaendelea mpaka mwisho wa 2053. Kwa hiyo wanauza kilekile, na kila kinachozunguka, makumbusho yake iko Louvain-la-Neuve tangu 2009, filamu ya Spielberg 2011. Januari 2021 mchoro mmoja aliouchora kwa ajili ya jalada la hadithi ya China ukauzwa mnadani Paris zaidi ya euro milioni 3. Mchoro mmoja!

Uderzo yeye baada ya Goscinny kufariki aliendelea peke yake kuandika na kuchora, na wasomaji wengi wanakubali zile za mwisho zilikuwa hoi. Lakini akafanya la maana, akakabidhi kazi akiwa hai. Tangu 2013 anachora Didier Conrad, mwandishi amebadilika katikati, na kitabu kinatoka mwaka mmoja ndiyo mwaka mmoja hapana. Mchoro umefanana mpaka hujui. Lucky Luke naye hivyo hivyo, mchoraji wake Morris alifariki 2001 na cowboy bado anapanda farasi.

Kwa hiyo kurithishwa sio siri. Kinachofanana kwa wote ni kwamba kuna mtu anayejua haki ni za nani, mkataba uko wapi, na michoro halisi imewekwa kabati gani. Kwetu jarida likifa huwezi kujua hata umpigie nani.

---

Mpinzani_Daima:

Mnajidanganya wakuu. Mleta mada mwenyewe kasema waliokuwa wananunua ni wazee wenye mvi. Hiyo ni kumbukumbu ya utoto inauzwa, siku wakiondoka hao na katuni zao zinaondoka. Vijana wa huko wanasoma manga, zile katuni za Kijapani. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya nakala zote za katuni zilizouzwa Ufaransa zilikuwa manga, na serikali ilipowapa vijana wa miaka 18 euro 300 za kununulia utamaduni watu wakaibatiza jina ile pesa kuwa ni pasi ya manga, maana walienda kubeba One Piece. Tintin hata demu hana, hana baba hana mama, hana anachotaka. Kijana wa leo afuate nini hapo?

---

PenseliHB:

Mpinzani una hoja ila umeikata nusu. Wale wazee hawajinunulii wenyewe tu, ndio maana nakala mbili tatu. Na Asterix anapata watoto wapya kwa skrini, ile filamu ya Cleopatra ya 2002 iliuza tiketi zaidi ya milioni 14 Ufaransa peke yake, na 2025 Netflix wamekuja na vipindi vyake. Smurfs ndio kabisa, nusu ya dunia inawajua kwa katuni za televisheni za Wamarekani zilizoanza 1981, hawajui kama vilianza kama wapita njia tu kwenye hadithi ya watu wengine Ubelgiji.

Ila hapo kwenye Tintin kutokuwa na baba wala mama, mimi naona ndio uhodari wake. Wanaomzunguka ndio wana shida zote, mlevi, kiziwi, wapelelezi wawili wapumbavu. Yeye ni dirisha tu.

---

Lushi_Mukubwa:

Jambo yenu bote. Miye niko Lubumbashi, Kiswahili yetu ya huku munaijua, musiniseke.

Munasema Tintin Tintin lakini hakuna mutu anasema Tintin mu Congo. Siye tulisomaka ile kitabu tukiwa batoto, ilikuwa kwa baba yangu mukubwa mu salon. Hergé alianza kuichora 1930, kijana wa miaka 23, hajafika Congo hata siku moya. Padri mwenye gazeti ndiye alimutuma, juu batoto ba Ubelgiji bapende koloni. Mu ile ya kwanza Tintin anaingia mu klasi anafundisha batoto beusi juu ya inchi yao, na inchi yao ni Ubelgiji! Kisha 1946 akaichora tena, ile klasi ikakuwa ya hesabu, mbili na mbili. Na kuna kifaru anatobolewa mugongo anawekewa baruti, bantu ba Scandinavia bakakataa mu 1975, ikabadilishwa. Bya kifaru binabadilika mbiyo, lakini midomo yetu minene na luga ya kitoto ilibakia.

Mukongomani moya wa kule Brussels alifungua mashitaki 2007 ile kitabu ikatazwe. Mu 2012 tribinali ikakataa, ikasema ni kitabu ya wakati yake, hakuwa na nia ya kuchochea ubaguzi.

Na paka leo Kinshasa bafundi banachonga Tintin ya miti, na Milou imbwa yake, na gari yake ya Congo, banauzisha batalii. Ukiniuliza miye, nasomaka naseka na kukasirika saa moya. Lakini kama munauliza juu ya nini bantu hawa hawafe, museme na ile: bengine balipata soko mu batoto ba koloni, bure, mu bibliotheki za bamisionere. Lodi Lofa wenu nani alimupelekaka Bruxelles?

---

Mbeba_Boksi_BXL:

Lushi asante sana kaka, hilo nilikuwa nalikwepa kwa makusudi maana hapa ofisini ukiligusa watu wanaanza kukuelezea "muktadha wa wakati ule" kama vile wewe ndiye uliyechelewa kuzaliwa. Umemaliza.

---

PenseliHB:

Lushi hoja yako nzito na sina cha kuipinga. Naongeza tu kitu cha upande wa kazi. Mwaka 1934 Hergé anataka kumpeleka Tintin China, akakutanishwa na mwanafunzi wa Kichina aliyekuwa anasomea uchongaji pale Brussels, Zhang Chongren. Yule kijana akamketisha, akamwonyesha Wachina wanavyovaa, wanavyoandika, Wajapani wanafanya nini kule. Maandishi ya Kichina kwenye kuta za kile kitabu yana maana kweli, na mengi yanawapiga vijembe wakoloni. Kuanzia hapo Hergé hakuchora tena nchi ya watu bila kuichunguza. Congo haikupata Zhang wake, na alipokirudia kile kitabu cha Congo 1946 alikuwa ameshajua namna ya kufanya kazi na bado hakufanya. Hilo mimi simsamehei.

---

Nyambura_Torino:

Tukitoka Ubelgiji kidogo, huku Italia kuna Tex, cowboy, alianza Septemba 1948 na mpaka leo kila mwezi yuko kwa vibanda vya magazeti. Rangi hamna, karatasi ya kawaida, bei ya kawaida. KaziYaPrinta hiyo inavunja kidogo hadithi yako ya jalada gumu 😄 Wazee wa hapa wanaipanga kwa namba kwa shelfu, ikikosa namba moja mtu halali.

Lakini ninayempenda mimi ni Corto Maltese wa Hugo Pratt, baharia mwenye hereni. Huyo Pratt alikulia Ethiopia, baba yake alipelekwa na serikali ya Mussolini, na ndio sababu Waafrika wake wana akili na ulimi, wanamjibu mzungu. Kuna hadithi yake moja imewekwa huko kwenu Tanganyika, Vita vya Kwanza vinaisha, Waingereza na Wajerumani, na watu wa chui wa Rufiji wana mahakama yao ya siri.

---

Kibiti_Boy:

Subiri kwanza. Rufiji gani? Rufiji yetu hii ya Utete na Ikwiriri? Mimi nimezaliwa hapo, nimekua nasimuliwa meli ya Mjerumani ile Königsberg iliyozamishwa 1915 kwenye delta, sijawahi kusikia kuna Mzungu kaweka Rufiji kwenye katuni!

---

Nyambura_Torino:

Rufiji hiyo hiyo kaka. Usitegemee ukute kijiji chako kama kilivyo, Pratt alikuwa anachanganya historia na uongo mtamu, mambo ya watu wa chui ameyaokota kwingine akayaleta hapo. Lakini jina ni Rufiji na mwaka ni 1918.

---

KaziYaPrinta:

Tex nakubali ameniweza. Ila naye hajawahi kukosekana kibandani tangu 1948, hiyo ndiyo niliyokuwa nasema.

---

Mpinzani_Daima:

Haya mimi nimekaa kimya nasoma. Ila mmesahau kusema kwamba Lucky Luke aliacha sigara 1983 wakamchomeka jani mdomoni ili Wamarekani wakubali kumwonyesha kwenye TV, na Shirika la Afya Duniani likampa Morris tuzo. Yaani hawa jamaa wakitaka kuuza wanabadilika haraka sana. Lushi kasema kweli kuhusu kifaru.

---

Kibiti_Boy:

Nyambura hiyo ya Rufiji naipataje, kwa lugha gani? Kiitaliano sijui hata salamu.

---

Nyambura_Torino:

Kwa Kiingereza imo ndani ya kitabu kinaitwa The Ethiopian, hadithi ni nne na ya Rufiji ni ya mwisho. Tafuta tafsiri mpya ya EuroComics, kurasa kubwa na picha nyeusi na nyeupe vile Pratt alizichora. Kutuma Dar ndio gharama, ngoja Mbeba Boksi akija likizo umtume.

---

Mbeba_Boksi_BXL:

Nimeshaona kiko hapa Brussels lakini kwa Kifaransa. Cha Kiingereza nitaagiza. Kibiti njoo PM tuongee hela, na usianze kuniambia kesho asubuhi.